Nguruwe wa Familia, Tegu na Kifafa

Katika vijiji vingi vya Mbeya, Songwe, Iringa na Njombe, na vilevile Mbulu huko kaskazini, nguruwe wawili au watatu nyuma ya nyumba ndio akiba ya familia. Mkulima mwenye ekari mbili za mahindi hana nafasi ya malisho ya ng'ombe, lakini hakosi pumba, majani ya viazi na machicha ya pombe. Nguruwe jike hubeba mimba kwa siku zipatazo 114 tu, huweza kuzaa mara mbili kwa mwaka, na mara nyingi huzaa watoto wanane au zaidi kwa mkupuo. Ni vigumu kumpata mnyama mwingine anayegeuza mabaki ya jikoni kuwa ada ya shule kwa kasi hiyo, na samadi yake hurudi shambani. Yeyote anayezungumzia madhara ya nguruwe kwa afya hana budi kuanza na faida hizi, kwani ushauri unaozipuuza hausikilizwi.

Madhara yanayozungumziwa hapa yanatokana na tegu wa nguruwe, ajulikanaye kitaalamu kama Taenia solium. Tegu aliyekomaa huishi katika utumbo wa binadamu, si wa nguruwe. Huweza kufikia urefu wa mita kadhaa na kukaa humo kwa miaka, huku mwenye naye akijihisi mzima au akisumbuliwa kidogo tu na tumbo. Vipande vya mwili wa tegu hukatika na kutoka pamoja na kinyesi, na kipande kimoja huweza kubeba makumi ya maelfu ya mayai. Nguruwe anayezurura hula kinyesi kilichoachwa vichakani. Mayai hupasuka tumboni mwake, na lava husafiri kwa damu hadi kwenye misuli, ambako hujifunga katika vifuko vyeupe vyenye majimaji. Mtu akila nyama hiyo bila kuiva sawasawa, kifuko kimoja chatosha kuzaa tegu mpya utumboni.

Mpaka hapo tatizo ni dogo. Balaa huja pale binadamu anapochukua nafasi ya nguruwe, yaani anapomeza mayai badala ya vifuko. Mayai hufika kinywani kwa mikono isiyonawiwa baada ya haja, kwa maji ya kisima kisichokingwa, au kwa mboga zisizooshwa vizuri. Lava hufuata njia ileile ya damu, na baadhi yao hukaa katika ubongo. Huko huweza kutulia kwa miaka bila dalili yoyote. Mara nyingi ni lava anapoanza kufa ndipo mwili humshambulia, ubongo huvimba kuzunguka kifuko, na mgonjwa hupata degedege. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba katika maeneo mengi yenye ugonjwa huu, ambako watu huishi karibu na nguruwe wanaozurura, asilimia 30 ya kifafa husababishwa na tegu huyu.

Kwa hiyo asiyekula nguruwe hajasalimika. Mwaka 1992 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha taarifa ya wagonjwa wanne wa jamii ya Wayahudi washika dini wa jiji la New York, watu ambao nyama ya nguruwe ni haramu kwao, lakini waliopatikana na vifuko hivyo katika ubongo. Uchunguzi ulielekeza kwa wafanyakazi wa nyumbani waliotoka katika nchi zenye ugonjwa huo. Mtu mmoja mwenye tegu ndani ya kaya ni hatari kubwa kuliko sahani ya kitimoto.

Ushauri unaotolewa mara kwa mara ni mmoja: nguruwe wafungiwe. Ni ushauri sahihi, lakini una gharama. Wafugaji wengi huwafungia nguruwe wakati wa kilimo ili wasiharibu mazao, kisha huwaachia baada ya mavuno wakajitafutie. Kumfungia mwaka mzima maana yake ni kununua pumba na mashudu ya alizeti, au kuvuna na kuhifadhi majani mapema. Familia isiyoweza kulisha nguruwe watano bandani ingefaa ifuge wawili. Choo chenye shimo, kinachotumiwa na kila mtu wa nyumba hata watoto, hufanya kazi ileile kutoka upande wa pili: nguruwe hapati mayai hata akitoroka.

Wapo wanunuzi wanaomfungua nguruwe kinywa na kupapasa ulimi wakitafuta vifuko. Mbinu hii humgundua aliyeathirika sana, lakini wengi wenye vifuko vichache hupita. Tena, nguruwe aliyeshindwa kipimo hicho huelekea kuuzwa kwa bei ya chini, akachinjwa pasipo mkaguzi wa nyama. Dawa ya oksifendazoli, ikitolewa na mtaalamu wa mifugo kwa kipimo cha miligramu 30 kwa kila kilo ya uzito, huua vifuko vilivyo misulini. Ipo pia chanjo inayomkinga nguruwe. Baada ya dawa, mnyama asichinjwe mpaka siku alizoelekeza mtaalamu zipite. Nyama, kwa vyovyote, ichemshwe au ichomwe mpaka ndani pasibaki wekundu, na vipande vikubwa vya kuchoma ndivyo vinavyohadaa zaidi.

Mtu mzima anayeanza kupata kifafa katika maeneo haya apelekwe hospitali, ambako picha ya ubongo kwa CT huweza kuonyesha vifuko. Wengi hucheleweshwa kwa imani kwamba wamerogwa, na baadhi huungua vibaya kwa kuangukia moto jikoni kabla ya kupata kidonge cha kwanza cha kuzuia degedege. Tegu wa utumbo hutibiwa kwa dozi moja ya niklosamidi au prazikwanteli. Lakini prazikwanteli huweza kuamsha degedege kwa mtu mwenye vifuko vilivyolala katika ubongo. Hivyo aliyewahi kuanguka kifafa, au anayeumwa kichwa kikali kwa muda mrefu, amweleze mhudumu wa afya kabla ya kuimeza. Dawa za kuua vifuko vya ubongo hutolewa chini ya uangalizi wa hospitali, zikiambatana na dawa za kupunguza uvimbe.