Je, Wajua? Kompresa ya Garini na Upepo wa Matairi Porini

Gari linaloingia porini hupunguziwa upepo kabla ya mchanga, kisha huongezewa kabla ya kurudi lami. Kutoa upepo ni kazi ya kijiti cha kubonyeza valvu. Kuurudisha mahali pasipo na fundi pancha kunataka kompresa iliyofungwa ndani ya gari. Yafuatayo ni mambo ya kujua kabla hujanunua, na kabla fundi hajatoboa bodi.

KWA NINI UPEPO UPUNGUZWE

Je, wajua kuwa ukipunguza presha kwa nusu, sehemu ya tairi inayogusa ardhi inakaribia kuongezeka maradufu? Gari la kilo 3,000 lenye psi 35 husimama juu ya takriban sentimita za mraba 1,200 tu kwa matairi yote manne. Kwa psi 18 eneo hilo hukaribia 2,400. Chuchumaa ulitazame tairi lililopunguzwa: unyayo wake kwenye mchanga umerefuka zaidi kuliko ulivyopanuka. Urefu huo ndio unaolibeba gari lisititie.

Je, wajua kuwa ujuzi huu una karibu miaka mia? Mwanajeshi Mwingereza Ralph Bagnold, aliyevuka Jangwa la Libya kwa magari katika miaka ya 1920 na 1930, alipunguza upepo wa matairi ili apite kwenye mchanga laini. Na katika Vita vya Pili vya Dunia, gari la Marekani la nchi kavu na majini liitwalo DUKW lilimwezesha dereva kubadili presha ya matairi akiwa kitini.

Je, wajua viwango ambavyo madereva wengi wa porini huanzia? Lami, psi 35 hivi. Changarawe na barabara ya vumbi iliyojaa mikunjo kama bati, 25 hadi 28. Mchanga, 18. Psi 15 ni ya kujinasua tu. Chini ya hapo, tairi lisilo na tyubu laweza kuchomoka kwenye rimu ukikata kona. Anza na kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva, kisha zingatia mzigo.

Je, wajua kuwa tairi laini ni hatari zaidi kwenye lami kuliko kwenye mchanga? Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, tairi la kipenyo cha sentimita 80 huzunguka karibu mara 9 kila sekunde, na kila mzunguko ubavu wake hukunjwa na kukunjuka. Joto hupanda, nyuzi za ndani huachana, tairi hupasuka. Asiye na njia ya kurudisha upepo hubaki na machaguo mawili mabaya: kunasa mchangani kwa kuogopa kuupunguza, au kukimbia lami na tairi laini.

KUCHAGUA

Je, wajua kuwa maandishi makubwa ya "psi 150" kwenye boksi hayakwambii lolote kuhusu kasi? Tairi lako linataka 35. Kinachookoa muda ni lita za hewa kwa dakika, tena zikiwa zimepimwa kompresa inaposukuma dhidi ya presha. Watengenezaji wengi huandika kiwango cha psi 0, yaani mpira ukiwa wazi. Kwa psi 30 kiwango hicho hushuka. Mwombe muuzaji jedwali lenye presha na lita.

Je, wajua tairi moja linakula hewa kiasi gani? Tairi la 265/75R16 lina nafasi ya lita 75 hivi. Kulitoa psi 18 hadi 35 kunahitaji takriban lita 87 za hewa ya kawaida, na matairi manne yanataka karibu lita 350. Kompresa inayotoa lita 70 halisi kwa dakika humaliza kwa dakika 5, ya lita 30 kwa dakika 12. Muda wa kuhamisha mpira kutoka tairi moja hadi jingine haumo.

Je, wajua kuwa kompresa ina muda wake wa kupumzika? Iliyoandikwa asilimia 33 kwa psi 100 inaruhusiwa kufanya kazi kama dakika 20 ndani ya saa nzima kwa presha hiyo. Ndogo inayochelewa ndiyo inayoumia zaidi: inachukua muda mrefu na hairuhusiwi muda mrefu. Magari mawili yakitegemea kompresa moja, nunua ya asilimia 100.

Je, wajua kuwa kompresa iliyojaribiwa Mombasa au Dar es Salaam itachelewa ukingoni mwa Ngorongoro? Huko juu, zaidi ya mita 2,200, kanieneo ya hewa ni karibu robo tatu ya ile ya pwani. Kila pigo la pistoni hunyonya hewa nyepesi, na kazi ileile hurefuka kwa karibu theluthi moja.

Je, wajua kuwa mtungi mdogo wa akiba haujazi tairi? Mtungi wa lita 4 uliojaa bar 8 ukiunganishwa na tairi hilo la lita 75 lenye psi 18 huliongezea psi 5 hivi tu. Faida yake ni nyingine: pigo la ghafla la kulirudisha tairi kwenye rimu, au kuendesha spana ya upepo. Kama huna kazi hizo, okoa nafasi na uzito. Ukiufunga, hakikisha una valvu ya usalama na koki ya kutolea maji chini yake.

Je, wajua kuwa kompresa nyingi za volti 12 hazitiwi mafuta kabisa? Pistoni zake huvaa pete za Teflon, plastiki iliyogunduliwa na Roy Plunkett nchini Marekani mwaka 1938, ambayo huteleza yenyewe. Tone la mafuta kwenye njia ya kunyonyea hukamata vumbi na kuzila pete hizo.

Je, wajua kuwa kompresa ya kiyoyozi yaweza kugeuzwa ya kujazia matairi? Aina ya York hupendwa kwa kazi hiyo kwa sababu ina bakuli lake la mafuta. Aina ya Sanden hulainishwa na mafuta yanayosafiri na gesi ya kiyoyozi, hivyo bila kifaa cha kuidondoshea mafuta hufa mapema. Malori yenye breki za upepo nayo huendeshewa kompresa na injini. Ndiyo maana dereva wa lori mwenye mpira wa kujazia huwaokoa wengi njiani.

KUFUNGA

Je, wajua kuwa hewa ikibanwa hadi psi 35 bila kupoteza joto ingefika kama nyuzi 150 za Selsiasi? Sehemu kubwa ya joto hilo hupotelea njiani, ila kichwa cha kompresa na kiungo chake cha kwanza huunguza kidole. Kipande cha mpira kinachotoka kwenye kompresa kiwe cha kusukiwa chuma. Mpira wa plastiki wa bustani utalainika na kuchomoka.

Je, wajua kuwa sehemu nzuri chini ya boneti ni ile iliyo juu, baridi, na mbali na bomba la moshi na tabo? Usiifunge kwenye injini yenyewe, kwani inatikisika. Usiifunge kwenye bati jembamba la bodi pia: litapasuka kwenye matundu ya bolti. Tengeneza kishikizo cha chuma, weka bushi za mpira, funga kwa nati zisizolegea.

Je, wajua kuwa chujio la hewa laweza kukaa mbali na kompresa? Refusha mpira wake hadi mahali pakavu, juu ya kimo cha maji unayovuka mtoni. Kompresa iliyo chini ya siti haipatwi na maji wala matope, ila inahitaji nafasi ya kupumua, na kelele yake itakuwa ndani nawe.

Je, wajua waya mwembamba unakuibia nini? Kompresa ya ampea 30 iliyo mita 3 kutoka kwenye betri, kwa waya wa milimita za mraba 2.5 kwenda na kurudi, hupoteza volti 1.2 njiani. Kwa waya wa milimita za mraba 6, hasara hushuka hadi nusu volti. Mota iliyonyimwa volti huzunguka polepole na hupata joto.

Je, wajua kuwa tundu la kiberiti cha sigara mara nyingi lina fyuzi ya ampea 10 hadi 15 tu? Kompresa kubwa ichukue umeme moja kwa moja kwenye betri, kupitia relei. Fyuzi ikae jirani kabisa na betri: waya ukichunika na kugusa bodi, kila kipande kilicho kabla ya fyuzi hakina mlinzi, na hapo ndipo moto huanzia.

Je, wajua kuwa injini inapaswa kuwa inaunguruma unapojaza? Vinginevyo matairi yatajaa na betri itakwisha. Vuta breki ya mkono, weka gia huru, usimruhusu mtoto kukaa usukani.

Je, wajua kuwa presha hubadilika kwa takriban psi 1 kila joto linapobadilika nyuzi 5 hadi 6? Tairi lililotoka kukimbia husomeka juu kuliko hali yake halisi. Pima asubuhi kabla gari halijasogea, kwa geji yako mwenyewe.

Kabla ya safari yoyote ya porini, jaribu kompresa yako nyumbani: punguza matairi yote manne hadi psi 18, yarudishe hadi 35, hesabu dakika, kisha gusa waya na fyuzi. Waya ukiwa wa moto, badilisha kabla hujaondoka. Kompresa ikizima kabla ya tairi la nne, hiyo si ya gari lako.