Mpakani Gisenyi: Unahangaika kwa ajili ya nani?

RUBAVU – Alfajiri, foleni ya kwenda Goma hujipanga mapema Petite Barrière. Karoti, kabichi, nyanya na sambaza vinasubiri kuvuka. Wamo waliokwisha kuswali, wamo waliopiga ishara ya msalaba mlangoni kwao, na wamo wasiosali popote. Siku mauzo yakiwa mabaya, wote hujiuliza swali moja: nahangaika hivi kwa ajili ya nini?

Mwenye dini huanza kulijibu kwa Mungu wake. Asiye na dini hana pa kuanzia hapo, lakini swali halimwachi. Historia ya mji huu wa Gisenyi ina wanawake wawili wanaoweza kuwasaidia wote.

Wa kwanza ni Félicité Niyitegeka, Mkatoliki aliyejitoa kumtumikia Mungu na kufanya kazi katika Kituo cha Mtakatifu Petro. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, aliwaficha waliokuwa wakiwindwa na kuwasaidia kuvuka mpaka usiku. Yeye mwenyewe alikuwa Mhutu, na kaka yake alikuwa kanali jeshini. Kaka huyo alipomtaka aondoke ili apone, alimjibu kwa barua: kujiokoa peke yake kungekuwa kuwaacha watu 43 waliokuwa mikononi mwake, basi heri afe nao. Aliuawa pamoja nao tarehe 21 Aprili. Leo Rwanda inamhesabu miongoni mwa mashujaa wa ngazi ya Imena, wanaokumbukwa kila tarehe 1 Februari.

Imani ndiyo iliyomsimamisha, hilo halina ubishi. Lakini mwaka huohuo Wanyarwanda wengi walikuwa Wakristo, na maelfu waliuawa ndani ya makanisa, kama Ntarama na Nyarubuye. Kumbe kuwa na dini na kuwa na jibu ni mambo mawili.

Wa pili ni Rosamond Carr, Mmarekani aliyekuwa akichora mitindo ya nguo New York kabla ya kuja Afrika mwaka 1949. Hakuja kama mtawa wala mmisionari. Alilima pareto na maua Mugongo, karibu na Gisenyi. Vita vya 1994 vilimwondoa nchini, akarudi mwaka huohuo na kukuta shamba limeporwa. Alikuwa na umri wa miaka 82, umri ambao wengi wangefunga hesabu. Desemba 17, 1994 alifungua kituo cha yatima, Imbabazi, katika jengo la kukaushia pareto. Alilea watoto hadi alipofariki mwaka 2006.

Mmoja alikuwa ameweka nadhiri, mwingine alikuwa mkulima. Wote wawili waliwaona watu waliokuwa mbele yao, wakasema: hawa ni wangu.

Wafanyabiashara wa mpakani wanalijua jambo hili, hata kama hawaliiti maana ya maisha. Katika kimina cha Rubavu au likilimba ya Goma, hakuna anayeulizwa anasali wapi. Anaulizwa kama atatimiza zamu yake, ili mwenzake asikwame. Na Nyiragongo ilipolipuka usiku wa Mei 22, 2021, maelfu walivuka kutoka Goma wakapokelewa Rubavu. Mpaka uliowavusha watu wa Félicité kwenda Kongo uliwaleta Wakongomani upande huu.

Mtaji hupanda na kushuka, na mpaka unaweza kufungwa kesho. Anayeishi kwa faida peke yake hubaki mikono mitupu siku hiyo. Kwa hiyo jioni, ukishahesabu pesa, hesabu na watu: nani angekwama kama leo usingeamka? Ukiweza kutaja hata jina moja, uwe wa msikitini, wa kanisani au wa popote, unalo la kukuamsha kesho. Ukikosa jina, jirani yako kwenye foleni ni mahali pazuri pa kuanzia.