Kabla ya Kuongeza Midomo, Pima Chini ya Pua

Mtu mwenye midomo membamba akija kumwona daktari wa upasuaji wa kurekebisha maumbile, mara nyingi huwa ameshajichagulia tiba: anataka ijazwe. Mimi huanza kwa kupima mahali ambapo hakuja kupazungumzia, yaani ile ngozi iliyo kati ya pua na mdomo wa juu. Namketisha wima, namwomba alegeze taya, kisha nahesabu milimita kutoka shina la pua hadi pale rangi ya mdomo inapoanzia. Natazama pia meno ya juu yanachungulia kiasi gani midomo ikiwa imetulia. Kwa msichana, meno hayo huonekana kwa milimita 2 hadi 4 hivi. Umri unavyosonga, ngozi ya chini ya pua hurefuka, meno hufichika, na sehemu laini ya mdomo hujikunja kuelekea ndani.

Wengi hukosea hapo. Mdomo uliofunikwa na ngozi ndefu ukijazwa, haupandi juu. Huchomoza mbele na kuwa mzito, meno yakabaki yamefichika vilevile. Mwenyewe hajaridhika, anarudi kuongezewa, na kila akiongezewa sura inazidi kuharibika. Shida yake ilikuwa urefu wa ngozi, na sindano haifupishi ngozi.

Huyo ndiye anayefaa upasuaji wa kuinua mdomo wa juu, ambao Cardoso na Sperli wa Brazil waliueleza mwaka 1971. Daktari hutoa ukanda wa ngozi chini kabisa ya pua, wenye umbo la pembe za fahali, akifuata mikunjo ya matundu ya pua ili kovu lijifiche humo. Ukanda wenyewe ni mwembamba. Mara nyingi milimita 3 hadi 5 zinatosha kuligeuza umbo la mdomo. Mistari huchorwa kabla ya sindano ya ganzi, mgonjwa akiwa ameketi, kwa sababu dawa ikishaingia ngozi huvimba na vipimo vinapotea. Nyuzi za ndani ndizo zinazobeba mvuto. Za nje, nyembamba mno, hutolewa baada ya siku 5 hadi 7. Ngozi ikikatwa kupita kiasi, midomo hushindwa kufunga vizuri na matundu ya pua huvutwa chini. Ngozi iliyokwisha kutolewa hairudi. Afadhali daktari aogope akatoe pungufu.

Kwa wenye asili ya Afrika kuna swali ambalo halirukwi: je, umewahi kupata keloidi, lile kovu linalokua likapita mipaka ya kidonda? Jiangalie sikio ulipotoboa, begani palipochanjwa BCG, na kifuani. Ni kweli kwamba katikati ya uso keloidi hutokea kwa nadra, lakini likitokea chini ya pua hakuna pa kulificha. Mwenye historia hiyo mimi humshauri asikatwe usoni kwa ajili ya urembo.

Ambaye ngozi yake ni fupi ila mdomo wenyewe ni mwembamba tangu kuzaliwa, kuna njia ya kukata kwa ndani: utando wa mdomo hukatwa kwa umbo la V, husukumwa mbele, kisha hushonwa kwa umbo la Y. Kovu halionekani, ila uvimbe huchukua wiki kadhaa. Mafuta ya tumboni au pajani nayo hupandikizwa, ingawa sehemu yake hufyonzwa na mwili na hakuna anayeweza kukuahidi kitakachobaki. Vipandikizi vya silikoni ngumu vinaweza kuhama au kuhisiwa na ulimi kama kamba. Sivipendi, japo vinaweza kutolewa.

Kwa mtu huyo mwenye ngozi fupi na mdomo mwembamba, sindano ya asidi ya hayaluroniki mara nyingi ndiyo hatua ya kwanza yenye busara, kwa kuwa hudumu miezi tu na ikienda vibaya kuna dawa ya kuiyeyusha. Hata hivyo midomo ina mishipa ya damu. Asidi hiyo ikiingia ndani ya mshipa, ngozi hupauka au kufanya madoadoa na maumivu hupanda. Hali hiyo haisubiri kesho. Kabla hujachomwa, mwulize anayekuchoma kama dawa ya kuyeyusha ipo hapo hapo chumbani. Kama haipo, ondoka.

Na iwapo utaambiwa kwamba kuna silikoni ya maji ya bei nafuu inayodumu maisha, kataa. Ikishaingia mdomoni haiyeyuki, inaweza kuzua vinundu hata baada ya miaka, na kuiondoa hutulazimu kukata nyama ya mdomo wenyewe.