Shura na Sanduku la Kura Pwani ya Cabo Delgado (Sehemu ya Pili)

Sehemu ya kwanza ilieleza shura, yaani wajibu wa kushauriana unaotajwa katika Sura ya 42 ya Qur'ani, na bai'a, yaani kiapo cha utii ambacho watu humpa mtawala wao. Linalobaki ni kueleza jinsi baadhi ya vijana wa Mocímboa da Praia, mji wa pwani ya mkoa wa Cabo Delgado kaskazini mwa Msumbiji, walivyofikia kuona kwamba kuitii serikali iliyochaguliwa kwa kura ni kufuru.

Hoja hiyo haikuzaliwa pwani. Kauli kwamba hukumu ni ya Mwenyezi Mungu peke yake ilipazwa na Makhawariji, kundi lililojitenga na khalifa Ali bin Abi Talib, dhidi yake baada ya vita vya Siffin mwaka 657, naye aliona kuwa maneno ni ya haki ila makusudio yake ni batili. Katika karne ya 20 Sayyid Qutb wa Misri aliifufua kwa kudai kwamba bunge linalotunga sheria hupora mamlaka ya Mungu, ilhali Rached Ghannouchi wa Tunisia aliliona bunge kuwa chombo cha shura. Ajabu ni kwamba Maibadhi wa Oman, ambao chimbuko lao halikuwa mbali na hao waliompinga Ali, walidumu karne nyingi wakishikilia kwamba imamu huchaguliwa.

Pwani yenyewe ilikwisha kulijaribu sanduku la kura. Wamwani wengi wa Mocímboa, wenyeji wa pwani, waliegemea chama cha upinzani cha Renamo, na Wamakonde, ambao uwanda wao wa juu wa Mueda ulikuwa ngome ya vita vya ukombozi, waliegemea chama tawala cha Frelimo. Matokeo ya uchaguzi mdogo wa umeya wa mwaka 2005 yalipobishaniwa, mji uliingia katika ghasia zilizoua watu. Uchungu huo hautoshi kueleza uasi uliofuata, lakini uliwarahisishia kazi wahubiri waliojitenga katika misikiti yao na kukataza shule za serikali, wakapingwa na masheikh wa mji na Baraza la Kiislamu la Msumbiji hata kabla ya shambulio la tarehe 5 Oktoba 2017 mjini humo, lililoanzisha uasi.

Waasi walipoushika mji kuanzia Agosti 2020 hadi Agosti 2021, walikuwa tayari chini ya bendera ya kundi linalojiita Dola ya Kiislamu, nao wakazi, ambao kwa mujibu wa shura ndio wangeshauriwa, walikuwa karibu wote wamekimbia.