Vituo vya magari ya umeme barabarani: tuseme kabla ya kuchora mpango

Wandugu wanamemba, kwetu Kabondo-Dianda waya za umeme hatuzikosi kuona. Waya wa treni uko juu ya reli. Na upande wa Kamina unapita ule mkubwa unaotoka Inga mpaka Kolwezi, karibu kilomita 1,700, ulioanza kazi mwaka 1982. Chini yake watu wanawasha tochi. Juu ya nini? Umeme wake ni wa namna ingine, kuushusha kijijini kunadai kituo cha bei kali, na mpango ulichorwa kwa ajili ya migodi. Kinu cha muhindi hakikuwa ndani ya hesabu.

Sasa magari ya betri yanakuja. Rwanda tangu 2021 imeyapunguzia kodi, na inatoa ardhi ya serikali bure kwa wenye kujenga vituo vya kuchaji. Ethiopia mwaka 2024 ilifunga mlango kwa magari ya esanse kutoka inje. Kenya ilitoa miongozo ya vituo mwaka 2023, kisha 2024 ikaweka rasimu ya sera mbele ya raia ili watoe maoni. Kobalti ya betri nyingi, kumbe, inatoka hapa jirani, Lualaba.

Mutu atasema: huku kwetu hata gari ya mazutu inakwama kwenye matope, tunaongelea nini? Ni kweli, barabara kwanza. Lakini siku wanapotengeneza Barabara ya Taifa namba 1 ndipo wanapima pia mahali pa parkingi, pa soko, pa nguzo za umeme. Wakimaliza kupima, kuhamisha kitu ni shida.

Sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011, kifungu cha 24, inadai raia waulizwe kwanza kabla ya mradi wowote unaoweza kugusa mazingira. Kwa hiyo kuulizwa si zawadi ya shefu wala ya kampuni.

Na tukiulizwa, tusiombe "maendeleo" tu. Tuseme mambo yanayoshikika. Kituo kikae pale malori yanapolala, karibu na wamama wanaouza mihogo na samaki, si porini kilomita kumi. Kiwe na betri za kubadilisha za pikipiki, maana gunia letu linatoka shambani kwa moto ao kwa kinga, halitoki kwa gari ya kifahari. Umeme ukifika kituoni, usiishie pale: kinu na chumba cha baridi cha samaki vipate laini yao, na bei iandikwe. Shamba likikatwa, mwenyewe alipwe mbele ya trakta kuingia.

Kila ushirika uchague watu wawili, mmoja awe mama, waandike hayo kwenye karatasi na kupeleka kopi kwa komini na kwa territoire. Wadai muhuri wa kupokea. Kopi moja ibaki ndani ya sanduku la ushirika.