Mficha Uchi Hazai: Habari za Maradhi ya Tumbo

Hapa mtaani Jericho, jioni watu watokapo kazini, mambo mengi huzungumzwa hadharani: bei ya unga, karo za watoto, na kandanda. Liko jambo moja tu lisilotajwa, nalo ni habari za choo. Kwa ajili ya haya hiyo jirani yangu mmoja alikaribia kupoteza maisha yake, naye ameniruhusu niwasimulie wasomaji yaliyompata, ili yawafae wengine.

Jirani huyu ni karani wa bohari, mtu wa bidii. Kwa muda wa miaka miwili alikuwa akiamshwa usiku wa manane na maumivu chini ya kifua. Akila kidogo hutulia, kisha hurudi. Alinunua vidonge vya kutafuna dukani, akanywa maziwa, akaacha pilipili. Mgongo ulipomwuma kwa kuinua magunia, akaanza kumeza dawa za maumivu kila siku pasipo kumwuliza daktari. Asubuhi moja aliona choo chake ni cheusi kama lami, tena chanata. Akanyamaza. Siku ya tatu alianguka kando ya Barabara ya Jogoo akingojea basi.

Hospitalini ilionekana kwamba damu imempungukia mno. Akaongezwa damu, kisha daktari akasema kwamba lazima tumbo limulikwe. Hapo hofu ikamshika, maana alikuwa amesikia uvumi kwamba mtu humezeshwa mpira mnene akakatwa ndani kwa ndani.

Kweli yenyewe ni hii. Kwa kawaida mgonjwa hukaa bila kula kwa muda wa saa 6 hadi 8. Koo hunyunyiziwa dawa ya ganzi, na pengine hupigwa sindano ya kumtuliza. Hulala ubavu wa kushoto, kisha mpira laini, usiozidi unene wa kidole, wenye taa na kamera nchani, hupitishwa kooni mpaka tumboni na mwanzo wa utumbo mwembamba. Hupumua kama kawaida, kwa kuwa njia ya pumzi haizibwi, na mara nyingi kazi huisha kabla ya robo saa. Ikihitajika, kijipande kidogo cha nyama hutolewa ili kichunguzwe, wala mgonjwa hasikii uchungu wake. Jirani yangu alikutwa na kidonda kinachovuja damu. Daktari alikipiga sindano na kukibana kwa kibanio kidogo, vyote kupitia mpira ule ule. Hakupasuliwa.

Je, vidonda hivi hutoka wapi? Zamani hata madaktari walidhani huletwa na mawazo mengi na vyakula vikali. Mwaka wa 1982, huko Perth, Australia, Robin Warren na Barry Marshall walifaulu kuotesha kijidudu kinachoishi tumboni, kiitwacho Helikobakta pilori. Wengi hawakuwasadiki. Basi mwaka wa 1984 Marshall alikunywa mwenyewe maji yenye vijidudu hivyo, na tumbo lake likashikwa na uvimbe. Mwaka wa 2005 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel. Sababu kubwa ya pili ni dawa za maumivu kama asprini, ibuprofeni na diklofenaki, zinapotumiwa ovyo. Jirani yangu alikuwa na sababu zote mbili.

Kijidudu hicho hutibiwa kwa dawa za kukiua zikichanganywa na dawa ya kupunguza asidi, mara nyingi kwa siku 14, nazo sharti zimalizwe. Lakini tujihadhari na jambo moja. Kipimo cha damu kinaweza kuonyesha dalili za kijidudu hata baada ya mtu kupona, na wengine humeza dawa zile zile mara tatu bure. Kipimo cha choo au cha pumzi ndicho cha kuaminika zaidi, nacho hurudiwa angalau wiki 4 baada ya kumaliza dawa.

Kuna na ugonjwa mwingine mbaya zaidi, yaani saratani ya umio, ambayo ni miongoni mwa saratani zinazoua watu wengi nchini Kenya. Dalili yake ni chakula kukwama: kwanza ugali na nyama, baadaye hata uji. Pombe na tumbaku huongeza hatari, na mwaka wa 2016 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walisema kwamba vinywaji vyenye joto la kupita nyuzi 65 huenda vikachangia. Basi chai ipoe kidogo. Katika Hospitali ya Tenwek, Bomet, madaktari wamewasaidia wagonjwa wengi kwa kuwatia bomba la waya kooni ili wapate kumeza tena. Lakini bomba hilo hufungua njia tu, haliondoi ugonjwa. Aliyewahi mapema ndiye mwenye tumaini kubwa.

Ndugu msomaji, ukitapika damu, ukiona choo cheusi au chenye damu, ukishindwa kumeza, ukikonda pasipo sababu, au tumbo likikaza ghafula kwa maumivu makali, usiende dukani kununua vidonge. Nenda hospitalini, ukaseme yote bila kuona haya. Daktari hakucheki; huifanya kazi yake kwa yale unayomweleza.

Jirani yangu amerudi bohari. Jioni akiketi nasi, sasa huuliza wazi wazi, "Tumbo lako lina habari gani?" Mwanzoni tulicheka. Siku hizi tunamjibu.