Kuatamia na Mayai ya Chatu

Mfasiri wa maelezo ya ufugaji wa nyoka na mijusi hukutana mapema na mashine ya kutunzia mayai, naye huazima msamiati wote wa wafugaji wa kuku. Uazimaji huo una hatari. Yai la kuku sharti ligeuzwe mara kadhaa kwa siku. La chatu halitakiwi kugeuzwa, kwani kiinitete hujishikiza upande wa juu wa ganda, na kikipinduliwa huweza kufa. Ndiyo sababu wafugaji hulitia alama ya penseli juu. Joto nalo hutofautiana: nyuzi 37.5 kwa kuku, takriban 31 kwa chatu.

Kwa hiyo twapendekeza kuatamia kubaki kwa mama mwenyewe. Chatu jike huyazingira mayai yake kwa mwili hadi yaanguliwe, na hapo neno lastahili. Kenge huyaacha ndani ya kichuguu akaenda zake. Kazi ya mashine na iitwe kutunza mayai katika joto, ingawa ni kirefu. Kitokacho yaini ni kinda, si kifaranga. Kinyonga wa pembe tatu wa milima ya Kenya hatusumbui: yeye huzaa.